Kikomo cha Deni na Amana ya Ahadi

Kikomo cha deni la taifa nchini Marekani ni kiwango cha juu kabisa ambacho sheria inairuhusu serikali kukopa. Asili yake ni mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Bunge lilipoipa Wizara ya Fedha uhuru zaidi wa kuuza hati fungani za kugharamia vita. Mwaka 1939 kiwango kimoja kikawekwa kwa karibu deni lote. Kwa miongo mingi kilipandishwa bila misukosuko mikubwa, lakini hasa tangu 2011 kimekuwa chombo cha kushinikiza: chama kinachodhibiti baraza moja la Bunge hukataa kukipandisha mpaka kitimiziwe masharti yake. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanauchumi peke yao hawawezi kulijibu: je, kiongozi ana haki ya kutishia kutolipa deni halali la nchi yake ili apate jambo lingine, hata likiwa jambo jema?

Mikwamo ya fedha mjini Washington huwa ya aina mbili, na mara nyingi watu huichanganya. Wa kwanza unahusu fedha za kuendesha serikali. Katiba inakataza fedha kutoka Hazina pasipo idhini ya sheria, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba. Siku hiyo ikifika bila Bunge na Rais kuafikiana, ofisi nyingi hufungwa. Zamani ziliendelea na kazi zikisubiri wakubwa wapatane. Hali ilibadilika baada ya Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti kutoa maoni ya kisheria, mwaka 1980 na 1981, kwamba kazi zisizoidhinishiwa fedha lazima zisimame, isipokuwa zile za kulinda uhai na mali.

Mkwamo wa pili ndio wa kikomo cha deni. Hapo hakuna matumizi mapya yanayoamuliwa. Matumizi yamekwisha kupitishwa, kodi zimekwisha kupangwa, na pengo lililobaki halina budi kuzibwa kwa mkopo. Kukataa kupandisha kikomo hakufuti hata senti moja ya matumizi hayo. Kinachozuiwa ni malipo: riba ya wenye hati fungani, pensheni za wazee, mishahara ya askari, madai ya wakandarasi.

Kimaadili tofauti hiyo ni kubwa. Anayekataa bajeti anakataa kutoa ahadi mpya. Anayekataa kupandisha kikomo anazuia ahadi iliyokwisha kutolewa isitimizwe. Kunyima idhini ya matumizi ni haki ya kale ya mabunge, na Waingereza waliipigania kwa damu dhidi ya wafalme wao katika karne ya 17. Kuacha kulipa kilichokwisha kutumiwa hakuna utetezi huo.

Dini kubwa zimelizungumza jambo hili kwa uzito. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu deni: liandikwe, liwe na muda, lishuhudiwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Aya ya 280 inaamuru mdaiwa aliyebanwa na dhiki apewe nafasi hadi apate wepesi. Lakini kwa mdaiwa mwenye uwezo hukumu ni nyingine: hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inahesabu ucheleweshaji wake kuwa dhuluma. Torati nayo, katika Walawi na Kumbukumbu la Torati, inamkataza mwajiri kulaza ujira wa kibarua hadi asubuhi, kwa kuwa maskini ameutegemea. Tofauti kati ya asiyeweza na asiyetaka ndiyo kiini cha suala la Marekani. Nchi hiyo inakopa kwa dola inayoitoa yenyewe, na wakopeshaji wanapanga foleni. Ikishindwa kulipa kwa sababu ya kikomo, itakuwa imeshindwa kwa kupenda. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye dawa mkononi hana udhuru wa kuinyima.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alichukua mkopo kuwa mfano wake. Mtu mwenye shida anakopa akiahidi kulipa, ilhali moyoni anajua hatalipa. Kant alionyesha kwamba kanuni ya mtu huyo ikifuatwa na wote, ahadi zenyewe zitakosa maana, maana hakuna atakayeziamini. Mwanasiasa anayetishia kutolipa hafanani na mkopaji huyo kwa kila hali, kwani wakati wa kukopa nchi ilikusudia kulipa. Hata hivyo, wote wawili wanategemea imani wanayoibomoa. Tishio lina nguvu kwa sababu tu dunia nzima, benki kuu nyingi zikiwemo, imezichukua hati fungani za Marekani kuwa akiba salama. Kila tishio jipya linakula sehemu ya imani hiyo, ambayo ilijengwa na vizazi vilivyotangulia.

Historia ya Marekani yenyewe inatoa fundisho hilo. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ilihofiwa kwamba wawakilishi wa majimbo ya Kusini wangerudi bungeni na kulikana deni lililokopwa ili kuwashinda. Ndiyo maana Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1868, yanakataza uhalali wa deni la umma lililoidhinishwa na sheria kutiliwa shaka. Maana yake kimaadili ni kwamba ahadi ya taifa haimilikiwi na chama kilichoshinda uchaguzi wa karibuni. Mbunge ameikuta na ataiacha. Kwake ni amana, na amana haiwekwi rehani na aliyekabidhiwa kuitunza.

Upande wa pili una hoja inayostahili kusikilizwa. Deni la Marekani lilipita dola trilioni 38 mwezi Oktoba 2025, na tangu mwaka wa fedha 2024 riba yake imezidi matumizi ya ulinzi. Watakaoubeba mzigo huo ni pamoja na watoto ambao hawajazaliwa wala kupiga kura. Thomas Jefferson aliliona tatizo hili mapema. Katika barua aliyomwandikia James Madison mwezi Septemba 1789, alidai kwamba dunia ni ya walio hai, na kwamba kizazi kimoja hakina haki ya kukifunga kingine kwa madeni yasiyoweza kulipwa ndani ya takriban miaka 19. Madison alimjibu mwaka uliofuata kwamba yako madeni yanayokopwa kwa faida ya wanaokuja, likiwemo la vita vya uhuru. Anayerithi uhuru ni haki arithi na sehemu ya gharama yake. Jefferson mwenyewe, akiwa Rais mwaka 1803, alikopa ili kuinunua Louisiana, ardhi ambayo vizazi vingi vimeifaidi.

Mjadala huo unasaidia kupima kila mkopo kabla haujachukuliwa: unajenga kitu kitakachowafaa wajao, au unalisha starehe za waliopo? Hauhalalishi kutolipa baada ya kukopa. Wanaokitetea kikomo husema ni kengele ya hatari, na kwamba mvutano wa 2011 ulizaa sheria ya kupunguza matumizi. Ni kweli sheria hiyo ilipatikana, ikasainiwa tarehe 2 Agosti, siku ileile Wizara ya Fedha iliyosema uwezo wake wa kukopa ungeisha. Siku tatu baadaye wakala wa Standard & Poor's uliishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa, na wakaguzi wa Bunge walikadiria kuwa ucheleweshaji uliongeza gharama za kukopa kwa takriban dola bilioni 1.3 mwaka huo. Hakuna chama kisicho na lawama. Barack Obama, akiwa seneta mwaka 2006, alipiga kura kupinga kikomo kupandishwa. Alipokuwa Rais alikiri kwamba kura ile ilikuwa kosa.

Kufungwa kwa serikali, ingawa kunatokana na haki halali ya kunyima fedha, nako kunavunja ahadi kwa namna yake. Katika mkwamo wa siku 35 wa 2018 na 2019, kuhusu ukuta wa mpakani, watumishi wapatao 800,000 walikosa mshahara, na zaidi ya nusu yao walitakiwa kuendelea na kazi. Waongoza ndege walipokea hati za mshahara za Januari zinazoonyesha sifuri, kisha wakarudi mnarani kuongoza ndege zilizojaa abiria. Sheria iliyopitishwa mwezi huo inawahakikishia watumishi wa serikali malimbikizo yao, lakini wafagiaji na walinzi walioajiriwa kupitia wakandarasi haiwagusi. Mwaka 2025 serikali ilifungwa siku 43, muda mrefu kuliko wakati wowote uliotangulia, na msaada wa chakula wa watu takriban milioni 42 ukayumba. Waliogombana waliendelea kulipwa. Walioumia hawakuwa na kura katika ugomvi huo.

Njia za kuondokana na hali hii zinajulikana. Denmark ina kikomo cha deni, lakini imekiweka mbali sana na deni halisi, hivyo hakigeuki kuwa silaha. Kenya, mwaka 2023, iliacha kiwango cha shilingi trilioni 10 na kutumia asilimia 55 ya pato la taifa kuwa kipimo. Baraza la Wawakilishi la Marekani lenyewe liliwahi kuwa na utaratibu, ulioanza mwaka 1979 na kuitwa kwa jina la Richard Gephardt, wa kuhesabu kura ya kikomo kuwa imepigwa pale bajeti inapopitishwa. Utaratibu huo unaweka wajibu mahali pake: anayeidhinisha matumizi anabeba papo hapo wajibu wa kuyalipia. Kwa upande wa bajeti, sheria ingeweza kuruhusu matumizi ya mwaka uliopita yaendelee hadi mapatano yafikiwe.

Anayehofia mzigo wa wajao ana nafasi halali ya kupigana, nayo ni pale matumizi na kodi vinapoamuliwa. Hapo akatae, ajadili, awashawishi wapiga kura, avumilie hasira za wanaotaka huduma bila kodi. Mkopo ukishachukuliwa kwa jina la taifa, ubishi juu yake ufanyike deni likiendelea kulipwa.