Maumivu Yasiyoonekana na Deni la Kuamini

Mwaka jana shangazi yangu, mzaliwa wa Buyenzi hapa Bujumbura ambaye sasa anaishi Kanada, alinipigia simu akitaka ushauri. Kwa miaka sita amekuwa akiumwa mwili mzima: mabega, mgongo, nyonga, miguu. Hulala na kuamka akiwa amechoka vilevile, na mara nyingine neno humpotea katikati ya mazungumzo. Vipimo vya damu na picha za eksirei havikuonyesha kitu. Daktari mmoja alimwambia ni mawazo tu. Sisi huku nyumbani tulisema amedekezwa na maisha ya ughaibuni. Hatimaye daktari mwingine akalitaja jina la ugonjwa: faibromialjia. Baadaye aliombwa ajitolee katika utafiti wa dawa mpya. "Mwanangu," aliniuliza, "wewe unasoma falsafa. Je, ni wajibu wangu kukubali?"

Kabla ya kumjibu, ilinibidi kwanza niuelewe ugonjwa wenyewe. Faibromialjia ni maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi 3 au zaidi, yakiandamana na uchovu, usingizi usioburudisha na usahaulifu. Watafiti wengi wanaeleza kwamba mfumo wa neva hukuza ishara za maumivu, mithili ya redio iliyofunguliwa sauti kupita kiasi. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha. Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani waliweka kigezo: daktari abonyeze sehemu 18 za mwili, na mgonjwa aumie katika sehemu 11 au zaidi. Mwaka 2010 walitoa vigezo vipya visivyohitaji kubonyeza; mgonjwa huulizwa anaumwa wapi na kwa kiasi gani. Naona hapo funzo kubwa la kifalsafa. Tiba yenyewe ilibidi ikubali kuwa neno la mgonjwa ni ushahidi. Wahenga walilijua hilo waliposema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ujuzi huu haukushuka kutoka mbinguni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 16 na watu wazima wa afya 16 walikubali kubonyezwa kidole gumba huku ubongo wao ukipigwa picha. Mbonyezo uleule mdogo uliamsha sehemu nyingi zaidi za ubongo wa wagonjwa. Bila watu hao kujitolea, shangazi angeendelea kuambiwa ni mawazo tu.

Je, basi, anawajibika? Mwanafalsafa John Harris, katika makala yake ya mwaka 2005, anajibu kwamba kuunga mkono utafiti ni wajibu wa kimaadili. Sote tunameza dawa zilizojaribiwa kwa miili ya wengine; anayekula matunda bila kushiriki kilimo anawadhulumu wakulima. Hoja hii ina nguvu, na mwanzoni ilinishawishi. Hata hivyo, Hans Jonas, aliyeandika mwaka 1969, anaipinga. Kwake, maendeleo ya tiba ni jambo jema la hiari, na waliotutangulia walitupa zawadi ambayo hatudaiwi kuilipa kwa miili yetu. Anaongeza kwamba wa kwanza kuitwa wawe wanasayansi wenyewe, kwa kuwa ndio wanaoelewa zaidi jambo linalofanyika, na mgonjwa atumiwe tu katika utafiti unaohusu ugonjwa wake.

Mimi nasimama na Jonas, lakini naona kuna hatari nyingine. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 zinadai ridhaa ya hiari. Tunapofikiria kinachoharibu hiari, tunakumbuka nguvu, vitisho au pesa. Shangazi hakutishwa wala kuhongwa. Aliniambia kwamba muuguzi wa utafiti alimsikiliza kwa saa nzima: "Ni mara ya kwanza mtu kuandika ninachosema bila kunikatiza." Alikuwa tayari kutia saini siku ileile. Hakuwa amesoma ukurasa uliosema kwamba baadhi ya washiriki watapewa kidonge kisicho na dawa, wala ule wa madhara yanayoweza kutokea. Alidhani amepata tabibu. Mtafiti, hata akiwa mwema kiasi gani, anatafuta jibu litakalowafaa wagonjwa wa kesho. Nafuu ya shangazi leo si lengo la utafiti wake. Njaa ya kuaminiwa ilikuwa inamsukuma kutia saini.

Mtu anaweza kunipinga kwamba kila anayejitolea ana haja fulani moyoni, na tukitaka ridhaa isiyo na haja yoyote, hakuna binadamu atakayeridhia lolote. Nalikubali hilo. Haja peke yake haibatilishi ridhaa. Lakini mwenye njaa aliye mbele ya milango miwili huchagua. Aliye mbele ya mlango mmoja huingia tu. Shangazi alikuwa na mlango mmoja, na sisi ndugu zake tulikuwa tumeufunga ule wa pili. Kwa hiyo wajibu wa kwanza katika suala hili hauko kwa mgonjwa. Uko kwa madaktari na jamaa: kumsadiki anaposema anaumwa, awe mshiriki wa utafiti au asiwe.

Nilimjibu kwamba hawajibiki. Kisha nikasema jambo ambalo lilipaswa kusemwa miaka sita nyuma: "Shangazi, naamini unaumwa." Alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

Alikaa na fomu kwa wiki moja, akarudi na maswali: maumivu yakizidi atasaidiwa na nani, na je, anaweza kujitoa? Aliambiwa anaweza kujitoa wakati wowote, na matibabu yake ya kawaida hayataguswa. Ndipo akatia saini. Mpaka leo hajui kama anameza dawa au unga mtupu. Lakini akiamua kujitoa kesho, ana watu wengine wa kuwaambia "ninaumwa," nao watamsikiliza.