Kabla ya Kumhukumu Mtoto

Mtoto aliyeshikwa na degedege humtisha hata mtu aliyezoea kuuguza. Homa imempanda tangu jana, mwili unawaka, chakula hakitaki. Mara macho yanageuka juu na kubaki weupe mtupu, meno yanaumana, mikono na miguu inakakamaa kisha inarukaruka, povu linamtoka. Mama anamwita kwa jina lake, haitiki. Dakika mbili tatu hizo ni ndefu kuliko usiku mzima. Baadaye mwili unalegea, anakoroma, analala usingizi mzito, na akiamka hana habari ya lolote lililompata. Nani aliyekuwa akiutikisa mwili ule wakati mwenyewe hayupo? Wazee wa delta ya Rufiji walijiuliza swali hilo zamani, na ni swali la watu wanaofikiri.

Jibu walilolipata ni kwamba mtoto amevamiwa. Kuna aliyesema ni pepo, kuna aliyesema ni ndege wa usiku apitaye juu ya paa. Basi afukizwe moshi wa kinyesi cha tembo, aogeshwe kwa majani, anyunyiziwe mkojo. Sindano iliogopwa, ilisemwa mtoto wa degedege akichomwa hufa papo hapo. Imani hizo zimesikika sehemu nyingi za pwani na bara, na zilidumu kwa kuwa zilikuwa na ushahidi wake. Degedege nyingi za homa huisha zenyewe ndani ya dakika chache. Mganga aliyeitwa mbio, akapuliza makaa na kufukiza, alimwona mtoto akitulia mbele ya macho yake na ya ukoo mzima. Waliofikishwa zahanati mara nyingi ndio wale ambao moshi haukuwafaa, wameshazidiwa. Kifo kikaja nyuma ya sindano, na lawama ikabebwa na sindano. Ungekuwa wewe umesimama pale, ungeamini nini?

Elimu ya leo inasema aliyeutikisa mwili ni ubongo wenyewe. Ndani ya fuvu la binadamu zimo chembe za fahamu zipatazo bilioni 86, zinazopashana habari kwa mapigo madogo ya umeme na kwa kemikali. Kusema, kukumbuka njia ya kisimani, kuona haya, kumpenda mdogo wako, kujizuia usimpige aliyekutukana, yote hayo yanakwenda kwa mapigo hayo yakipokezana kwa utaratibu. Utaratibu ukivunjika, kundi kubwa la chembe likapiga kwa pamoja, mwili hutikisika na mwenyewe hupotea kwa muda. Homa peke yake yaweza kuleta hali hiyo kwa mtoto mdogo. Malaria kali hufanya zaidi. Chembe nyekundu za damu zilizoingiliwa na vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo na kuibana. Mkazi wa delta, anayejua vijiji vinavyotaabika pale mkono mmoja wa mto unapojaa mchanga, hahitaji somo refu kulielewa hilo. Sukari ya damu nayo hushuka, na ubongo, ambao hula karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zote za mwili, hubaki na njaa. Mwaka 2015 madaktari wa Blantyre, Malawi, waliowapiga watoto picha za MRI walionyesha kwamba wengi wa waliofariki kwa malaria ya ubongo, ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya.

Anayedhani maarifa haya ni mambo ya kuletwa juzi, yasiyo na mizizi kwetu, akumbuke kwamba waganga wa Uyunani waliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kuwa kifafa chanzo chake ni ubongo, na kwamba Ibn Sina, katika kitabu chake cha Qanun chenye umri wa miaka elfu moja, alikijadili kifafa katika maradhi ya kichwa. Jina la Ibn Sina linafahamika pwani yetu.

Ila kujua kazi ya ubongo ni jambo moja, na kuwa mwema kwa sababu ya kujua ni jambo jingine. Hapo ndipo tafakari yangu inapokaa. Sisi tunaoishi karibu na hospitali tumezoea kusema kwamba watoto wa Rufiji walikuwa wakifa kwa ujinga wa wazazi wao, wazazi waliokimbilia waganga na kuiacha zahanati. Tunasema hivyo kwa urahisi, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Kumbe jambo hili lilishachunguzwa. Kati ya mwaka 1999 na 2001 watafiti waliokuwa wakihesabu vizazi na vifo vijijini Rufiji, wakati ambapo Kibiti ilikuwa bado ndani ya wilaya hiyo, walifuatilia safari za mwisho za watoto 320 wa chini ya miaka mitano waliouawa na malaria. Familia zilizofiwa ziliulizwa hatua kwa hatua: mlianzia wapi, mkaenda wapi tena. Karibu asilimia 79 ya watoto hao walitafutiwa kwanza dawa za kisasa, za dukani au za kituo cha afya. Walioanziwa na tiba ya jadi hawakufika mmoja kati ya kumi. Na mtoto awe alishikwa na degedege au hakushikwa, mpangilio ulikuwa uleule.

Wazazi wale walifanya tulichowaambia wafanye. Wakawazika watoto wao hata hivyo, kwa sababu dawa iliyokuwepo ilikuwa klorokwini, ambayo vimelea vilishaizoea hata Tanzania ikaiacha mwaka 2001. Kwa sababu zahanati ilikuwa mbali. Kwa sababu anayeishi upande wa bahari, kule kwenye mikoko, husubiri maji yajae ndipo mtumbwi upite, na homa ya mtoto haisubiri maji. Hukohuko Rufiji, katika mradi ambao Wizara ya Afya iliuendesha kwa msaada wa Kanada kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, fedha na dawa zilielekezwa kwenye maradhi yaliyokuwa yakiua zaidi, na vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka mitano hivi. Wazazi ni walewale. Nani basi atakayewaomba radhi wale waliotajwa kuwa wajinga wakiwa na msiba?

Hukumu ya kwanza ni hiyo tuliyowapa wazazi. Ya pili ni ile tunayompa mtoto aliyepona, nayo inaniuma zaidi, maana haina matanga ya kutukumbusha kwamba kuna jambo limetokea. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto waliougua malaria ya ubongo walipimwa tena miaka miwili baadaye, na takriban mmoja kati ya wanne alikutwa na upungufu katika kufikiri: kumbukumbu, au uwezo wa kukaza akili kwenye jambo moja. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walikuta matatizo ya lugha na kifafa kwa baadhi ya waliopona. Madaktari wa Uganda wameeleza pia watoto ambao baada ya kutoka wodini walibadilika tabia, wakawa hawatulii, wakali, wa kupiga wenzao na kuvunja vitu. Wazazi waliwajua watoto hao kabla ya kuugua, na walijua kuwa hawakuwa hivyo.

Mfikirie mtoto kama huyo akiwa na miaka minane, darasa la pili, katika shule ya kisiwani. Alilazwa akiwa na miaka mitatu. Habari hiyo imebaki kwa mama yake tu. Mwalimu anaandika ubaoni, wenzake wananakili, yeye anachungulia dirishani kunakopita boti. Anaulizwa kilichosemwa sasa hivi, hajui. Kesho tena hajui. Mwalimu, mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati, anaona ukaidi, na ukaidi una dawa yake ya fimbo. Nyumbani anatumwa vitu vitatu dukani, anarudi na kimoja. Anaitwa mzembe, kisha zuzu, na akishaitwa hivyo miaka kadhaa huanza kuitikia. Akifika kumi na tano anaacha shule, kijiji kizima kinakubaliana kwamba mtoto huyu tangu zamani hakuwa na maana. Ni wangapi miongoni mwa tuliowaita hivyo walikuwa wamebeba kovu ambalo mbu aliliacha mahali pasipoonekana?

Warufiji wana kisa kingine kinachonirudisha hapohapo, kwenye hukumu za haraka. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja, ambaye watu walimpa jina la Osama, alihesabiwa kuua watu wasiopungua 35 katika vijiji vya wilaya hiyo, penye desturi ya kulala kwenye dungu kulinda mpunga usiliwe na nguruwe pori. Kusini mwa nchi yetu simba wa namna hiyo husemwa ametumwa, na aliyemtuma hutafutwa miongoni mwa majirani. Alipouawa Aprili 2004, alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Rolf Baldus, Mjerumani aliyekuwa akishughulikia hifadhi ya wanyamapori nchini, alisema maumivu ya jino hilo huenda yalichangia kumgeuza mla watu, kwani binadamu ni mlaini kumtafuna. Simba ilibidi auawe. Waliofiwa wana haki yao. Lakini jirani anayeshukiwa kumtuma hana kosa. Kujua chanzo hakuondoi hatari ya simba, huondoa chuki inayoelekezwa kwa mtu asiyehusika, na hilo si jambo dogo kijijini.

Hata hivyo sitaki tuitupe imani ya wazee kwa dharau. Kusema kwamba mtoto amevamiwa kulikuwa na rehema ndani yake: huyu anayepiga teke na kuuma si yeye, mwenyewe ni mwema, atarudi. Ukoo ulikusanyika, mama hakukesha peke yake. Tukileta elimu ya ubongo tukaiacha rehema ile nyuma, tutakuwa tumepata nini? Mtu anaweza kuambiwa kwamba ubongo wa mwanawe una hitilafu, akaelewa kuwa mwanawe ameharibika na hakuna la kufanya. Hiyo ni hukumu ya tatu, nayo huvaa koti jeupe. Ubongo wa mtoto bado unajijenga, hujifunza upya kwa kurudiarudia, kwa maelekezo mafupi, kwa mtu anayemvumilia. Na sisemi kwamba kila tabia isingiziwe ugonjwa. Mtu mzima anayemnyima mwenziwe haki yake anajua afanyalo. Mpaka kati ya lile linalotoka kwenye kovu na lile linalotoka kwenye nia uko wapi hasa? Wataalamu wenyewe bado wanabishana, na labda ndiyo sababu tunapaswa kuwa wazito wa kutamka.

Kwenye kifafa walau mpaka ni wazi. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wanacho, na hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu yanayofaa. Dawa kama fenobabito ni ya bei nafuu. Bado katika nchi yetu wengi hawako kwenye dawa. Utafiti uliofanywa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta zaidi ya nusu ya wenye kifafa walikuwa hawatibiwi. Katika delta, ambako watu huoga, huvua na kusafiri majini, mtu wa kifafa asiye na dawa anaweza kufa ndani ya maji yanayomfika magotini. Wakati huohuo jamaa zake wanaogopa povu lake lisiwaambukize. Kifafa hakiambukizi kwa povu, na anayeanguka mtoni akitolewa haraka anaweza kuishi.

Kwa hiyo neno langu ni kwa walimu wa Salale, Mbwera, Nyamisati na Kibiti mjini, watakaopokea watoto wa darasa la kwanza Januari. Mnapoandika jina la mtoto na la mzazi, ulizeni jambo moja zaidi: huyu aliwahi kulazwa kwa degedege au malaria kali? Jibu likiwa ndiyo, liandikeni mbele ya jina lake, mkalisheni benchi la mbele, na mwambieni mama yake ampeleke kituo cha afya kama bado anaanguka.