Usianze na Darubini

Mwanangu, orodha yako ya vipuri vya bunduki nimeisoma, kisha nikavaa miwani nikaisoma tena. Darubini ipo, kitako cha rangi ya majani makavu kipo, miguu ya kusimamishia ipo, hata mkanda wa ngozi upo. Mtutu umeuweka mwisho, na pembeni umeandika "wowote wa bei nafuu". Risiva hukuitaja kabisa. Nimechoka kuwaambia vijana jambo hili, lakini wewe nawe nitakuambia, taratibu, maana unachotaka kukiunda ni chombo utakachokilaza shavuni kisha uwashe baruti ndani yake. Risasi ya .308 Winchester unayoitaka kwa ajili ya kulungu inaruhusiwa kufikia shinikizo la ratili 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Hayo yote hutokea karibu kabisa na jicho lako.

Basi anza na risiva, ule mwili wa chuma unaoushika mtutu kwa mbele na kuipokea boliti, kile kipande kinachoifungia risasi mahali pake, kwa nyuma. Huko Marekani ulipo, sheria huihesabu risiva kuwa ndiyo bunduki yenyewe. Vingine vyote ni vipuri. Ukiinunua dukani, kwa muuzaji mwenye leseni, utajaza fomu na rekodi zako zitakaguliwa. Usitafute njia ya mkato katika hilo. Na uisome kwanza sheria ya jimbo lako, kwa kuwa kinachoruhusiwa na serikali kuu si lazima kiruhusiwe na jimbo.

Najua utaniambia umeona risiva ya zamani ya Springfield 1903 kwa bei nzuri. Nisikilize. Bunduki hizo zilitengenezwa kwa chuma kizuri, lakini katika miaka ya mwanzo mafundi wa kufua walipima joto la chuma kwa macho, kwa kuangalia rangi yake ilivyowaka. Siku ya jua kali rangi ile ilionekana hafifu kuliko ilivyokuwa, wakaongeza moto, na chuma kikaungua bila mtu kujua. Risiva nyingine zikatoka ngumu kwa nje lakini zinavunjika vipande kama kioo pale ganda la risasi linapopasuka. Utaratibu mpya wa kukipasha chuma ulipoanza mwaka 1918, mpaka ukawekwa kwa namba: zile za kiwanda cha Springfield zilizo chini ya 800,000, na za kiwanda cha Rock Island zilizo chini ya 285,507, hazifai kuaminiwa. Julian Hatcher, ofisa wa jeshi la Marekani, aliziorodhesha ajali za bunduki hizo katika kitabu chake cha mwaka 1947. Kwa macho huwezi kuitofautisha nzima na mbovu. Wale mafundi walikuwa stadi kuliko mimi na wewe, na wao pia hawakuweza. Kwa hiyo iache, hata ukipewa bure.

Chukua risiva mpya, ya kampuni inayojulikana. Wengi wanaounda nyumbani hupenda aina ya Savage 110, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, kwa sababu mtutu wake hufungwa kwa nati na hauhitaji mashine kubwa. Lakini nati hiyohiyo ndiyo inayowaponza wenye haraka. Inaamua risasi ikae umbali gani na uso wa boliti. Nafasi ikizidi, ganda hunyooka na kupasuka. Kuna vipimo viwili vya chuma kwa kila aina ya risasi: kimoja boliti lazima ifunge juu yake, cha pili lazima ikatae. Vinunue kabla ya mtutu. Ukishafunga, mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni naye apime kwa vyake. Hakuna aibu katika kukaguliwa.

Mtutu wenyewe usiutafutie unafuu. Usiwe chini ya inchi 16, maana chini ya hapo sheria ya mwaka 1934 inakuingiza katika usajili mwingine kabisa. Angalia mikato ya ndani inazunguka kwa kasi gani: kichwa cha risasi kirefu na kizito kinataka mzunguko wa haraka, la sivyo kitayumba hewani na utamjeruhi mnyama akafie mbali. Aina ya risasi iwe imechongwa juu ya mtutu, isomeke. Usiweke katika kabati moja bunduki ya .223 na ya .300 Blackout, kwa maana risasi ya pili huweza kuingia katika chemba ya kwanza, na ikilipuliwa humo inaipasua bunduki.

Kifyatuo usikilegeze kwa kuwa umeona mashindano. Kwa mwindaji mwenye vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, mvuto wa ratili 3 si mzito. Kitako cha mjozi au cha plastiki, chagua upendacho, ilimradi kikufikie bega vizuri na kisiuguse mtutu.

Jambo jingine. Nasikia binamu zako wa Tanga wamekuuliza wafanyeje na wao. Waambie waache. Tanzania, kama ilivyo Kenya, kuunda bunduki bila leseni ni jinai, na hakuna maelezo ya mapenzi ya uwindaji yatakayomshawishi hakimu.

Sikukatazi kuunda, mwanangu. Nakuomba uipindue orodha yako juu chini, fedha ya darubini uihamishie kwenye mtutu na vipimo, na usitie risasi hata moja kabla fundi hajaipima bunduki. Akishaipima, nipigie uniambie alichosema.