Seben Haitafsiriwi

"Hii hata mtoto wangu wa nasari anaweza kuchora." Ukitaka kusikia sentensi hiyo, weka turubai yenye mistari mitatu na doa jekundu mbele ya watu kumi, popote kati ya Kawangware na Kibera. Itasemwa kabla dakika haijaisha, na wengi watacheka. Wapenzi wa sanaa nao hujibu kwa madharau: nyinyi hamjasoma, hamwezi kuelewa. Naona pande zote mbili zinakwepa swali. Sanaa dhahania, ile isiyochora mtu wala mti wala nyumba, ina thamani ya kweli? Ama ni watu wenye doo wanauziana hewa?

Tuanze na hasira, kwa sababu ina msingi. Mwaka 2019 msanii wa Italia, Maurizio Cattelan, alibandika ndizi ukutani kwa tepu kule Miami, na kazi hiyo ikauzwa kwa dola 120,000. Novemba 2024 mnada wa Sotheby's mjini New York uliuza nakala yake moja kwa dola milioni 6.2, na mnunuzi akaja kuila ndizi mbele ya kamera. Mama anayepanga ndizi kwa meza ya mbao pale Kawangware akisikia hiyo stori, usimwambie hana elimu. Kati yetu wote, yeye ndiye anajua ndizi ni pesa ngapi.

Lakini ile ndizi si sanaa dhahania. Ni mzaha kuhusu bei, na bila bei kubwa hakuna cha kucheka. Tunaichanganya na michoro ya rangi na mistari kwa sababu zote hukaa kwa kuta zilezile nyeupe. Kwa hivyo tutenganishe mambo mawili. Soko linaweza kulipa vizuri kitu kibovu na kukipita kitu kizuri bila kukiangalia. Kitunguu kikipanda bei hakijaongeza utamu. Ukinithibitishia kwamba turubai fulani iliuzwa kwa pesa za wazimu, umeniambia habari za mnunuzi. Habari za turubai bado.

Swali linalobaki ni hili: umbo na rangi, bila hadithi, vinaweza kumgusa mtu? Jibu tunalo tayari, tena tunalicheza kila wikendi. Chukua rumba ya Kongo. Mwanzoni kuna maneno, mapenzi, malalamiko. Halafu waimbaji wanaachia magitaa nafasi, na seben inaanza. Hapo hakuna hadithi tena. Gitaa moja linarudia kamstari kafupi, lingine linakazunguka, ngoma inasukuma. Watu Kibera wanasimama na kucheza, na wengi wao hawajui Lingala hata neno. Sijawahi kusikia mtu akisimamisha muziki kuuliza, "Sasa hii seben inamaanisha nini?" Ukimuuliza atakuangalia kama mtu amekosa kulala. Seben haitafsiriwi, na bado kila mtu anajua nzuri ni gani na mbovu ni gani.

Angalia pia vitu vya mikono. Wanahistoria wa Ulaya hupenda kuanza hesabu ya sanaa dhahania miaka ya 1910, na Kandinsky, halafu Malevich aliyeonyesha mraba mweusi mwaka 1915. Sawa, hiyo ni historia ya turubai zao. Lakini kina mama wa Ukambani na Gikuyu wamesuka viondo vyenye mistari na pembe bila kungoja ruhusa ya Moscow. Kanga ina pindo na mji wake, na mara nyingi macho yako huchagua kabla hujasoma jina. Hata mtaani, rangi hutangulia herufi. Ile kijani ya kibanda cha M-Pesa inakuita kutoka mbali, kabla hujaona neno lolote.

Mtu atasema: kiondo kinabeba sukuma, kanga inafunga mtoto, hiyo turubai inabeba nini? Hoja hii ni nzito, na Kibera inaipa nguvu. Maasai Mbili, kikundi kilichoanzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, kilitoka kwa kazi ya kuchora mabango ya biashara. Bango likikosa kusomeka, mwenye hoteli hakulipi. Halafu ilipofika vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alizunguka Kibera akiandika ukutani, kwa Kiingereza, kwamba amani inatafutwa ikiwa hai. Hakuchora pembetatu. Wakati nyumba zinachomwa, mtaa ulihitaji maneno ambayo kila mtu angesoma akipita mbio.

Nakubali hilo lote. Kuna kazi ambazo sanaa dhahania haiwezi kufanya, na msanii anayekataa kuona hivyo anajidanganya. Ila kutoka hapo hadi kusema haina thamani ni kuruka mtaro mpana sana. Kijiko hakikati nyama, na hakuna anayekitupa kwa sababu hiyo.

Turudi kwa mtoto wa nasari. Ni kweli anaweza kuchora mistari mizuri, hata mizuri kuliko ya watu wazima. Kile hawezi ni kujua lini aache. Mpe dakika tano zaidi na ataipaka yote kahawia. Mchoraji anayejua kazi yake ameamua: nyekundu iishie hapa, hapa pabaki wazi, huu mstari usifike ukingoni. Basi kipimo changu ni hiki. Funika bei, funika jina, funika karatasi ya maelezo pembeni. Halafu jiulize: nikisogeza hili doa upande ule, kuna kitu kitaharibika? Kama hakuna, pengine ni hewa kweli, na una haki ya kusema hivyo bila digrii. Kama kitaharibika, basi kuna kitu pale, hata kama huwezi kukitaja.

Lakini sababu kubwa ya kuitetea sanaa hii haiko kwa macho. Iko kwa haki. Msanii wa Kibera ama Kawangware anajua wateja wengi wa nje wanakuja na oda kichwani: mtoto asiye na viatu, mama na mtungi, reli katikati ya mabati. Picha hizo si uongo. Shida ni kwamba zimekuwa kama kitambulisho, usipokionyesha huingii. Msanii wa mtaa wa kitajiri akichora bluu tupu, wanasema anatafakari. Wa Gatwekera akichora bluu hiyohiyo, anaulizwa maji yako wapi, na foleni ya mitungi iko wapi. Yaani tajiri anaruhusiwa kuwa na mawazo, na maskini anaruhusiwa kuwa na hali tu. Mtu anayekaa chumba kimoja ana haki ya kuchora kitu ambacho si chumba chake, na asidaiwe maelezo.

Kuna upande mwingine unaonisumbua zaidi. Umbo tupu linaweza kuosha mateso. Piga picha mapaa ya Kibera kutoka juu, kutu na fedha na kahawia, na utapata kitu kizuri cha kutundika sebuleni Lavington. Mwenye paa lile, mvua ya Aprili ikinyesha, anaweka sufuria pale panapovuja. Je, uzuri huo si wizi?

Wakati mwingine ni wizi, naamini. Inategemea nani anaangalia, na anakuomba uangalie kutoka wapi. Mwaka 2022 Wajukuu, wasanii wa Lunga Lunga kule Mukuru, walialikwa Documenta mjini Kassel, Ujerumani. Mlango wa jumba walilopewa waliujengea njia ya mabati yenye kutu. Aliyetaka kuona kazi zao alipaswa kwanza kuinama kidogo, kwa mawazo kama si kwa mgongo, na kupita ndani ya mabati yenyewe. Ni mabati yaleyale, lakini hapo hukai juu kama ndege. Unaingia.

Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo, sanaa dhahania ina thamani, na si kila turubai inayojiita hivyo inayo. Hizo mbovu tuziite mbovu kwa sauti, kama vile tunavyomzomea mpiga gitaa aliyepoteza mdundo. Cha muhimu ni tuzihukumu kwa macho yetu wenyewe. Anayejua seben mbovu kwa sikio lake hahitaji kusubiri galeri imwambie ni mstari gani umepinda.