Kuacha Viatu na Kukosa Viatu

Nilipotimiza miaka 43 goti langu la kulia lilianza kuniuma kila nilipokimbia, nami ni mtu niliyezoea kukimbia alfajiri tangu siku za chuo cha ualimu. Mwenzangu anayefundisha bayolojia alinieleza utafiti wa Daniel Lieberman na wenzake, uliotolewa mwaka 2010 katika jarida la Nature. Ulionyesha kwamba waliozoea kukimbia peku aghalabu hutanguliza sehemu ya mbele ya wayo, na kwamba kishindo chao ardhini ni kidogo kuliko cha mtu atuaye kwa kisigino. Baadhi ya waliopimwa walikuwa wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Utafiti huo haukusema kwamba peku huponya magoti. Hilo nililiongeza mimi kwa tamaa ya kupona. Nikavua raba zangu.

Majuma ya kwanza yalikuwa adhabu. Changarawe za barabara yetu hazina huruma, na mashavu ya miguu yalikaza hata kupanda ngazi za darasani kukawa kazi. Taratibu nikajifunza kupiga hatua fupi, bila kishindo, na kuitambua njia kwa nyayo: penye umande, penye kivuli, pale gari la matofali lilipopita jana. Goti likatulia, ingawa huenda lilitulia kwa sababu tu nilikuwa nakimbia kidogo. Bibi mmoja jirani, akitoa mbuzi zake malishoni, aliniuliza kwa upole, “Mwalimu, kumetokea nini nyumbani?” Nilicheka. Darasani nikawasimulia wanafunzi habari za Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda mbio za marathoni mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku, nami, nakiri, nilijihesabu kuwa wa kundi lake.

Shuleni kwetu mwanafunzi asiye na viatu hurudishwa nyumbani. Siku moja ya zamu yangu nilikimbia peku kilomita tano, nikaoga, nikavaa viatu vilivyong’arishwa, nikasimama langoni. Akaja mvulana wa kidato cha pili.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Viatu viko wapi?”

“Vimekatika, Mwalimu.” Kisha, bila ufidhuli wowote, kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe: “Asubuhi nilikuona barabarani.”

Nilimrudisha.

Lugha yetu haikuchanganya mambo haya mawili. Mimi nimeacha viatu; yeye amekosa viatu. Kwa miguu tu, hakuna awezaye kututofautisha. Lakini aliyeacha huviona viatu vyake kando ya mlango arudipo, na sabuni, na maji ya moto. Bikila mwenyewe alishinda tena Tokyo mwaka 1964 akiwa amevaa viatu. Mwenzangu wa bayolojia hunitetea: afungaye hamdhihaki mwenye njaa. Ni kweli, ila afungaye anaijua saa ya kufuturu. Kosa langu halikuwa kukimbia, bali kudhani kwamba kwa kukimbia nimekwisha kuionja hali ya mvulana yule, na hata hivyo nikamfungia lango.

Wala sisemi kwamba sheria ile ni ya kipuuzi. Funza na minyoo ya safura hupitia miguuni, na hapa magharibi mwa Uganda upo udongo wa volkano ambao chembe zake hupenya ngozi na kuvimbisha miguu ya waendao peku miaka mingi. Mtoto anahitaji viatu. Lakini lango halikumpa viatu. Lilimnyima somo tu. Nilipolitoa jambo hili katika kikao cha walimu, wengi walisema sheria ni sheria, na mmoja akanishauri niache mbio kabla ya kuacha sheria. Sikuacha mbio. Zamu yangu ikifika, asiye na viatu huingia darasani kwanza, nami huzungumza na mzazi wake jioni. Nimekwisha kuonywa mara moja kwa hilo.

Mvulana yule alikaa nyumbani siku nne, mpaka alipopata viatu vya kakaye, vikubwa mno. Juma lililofuata alinikuta barabarani alfajiri, yeye na mimi peku, dumu la maji mkononi mwake. Tulikimbia pamoja hadi njia ya kisimani.

“Mwalimu,” akasema akikata kona, “unapiga kisigino.”