Hesabu ya Redio Si Hukumu Yako
Andiko: Hesabu 13:25–33

Julai 2019 saratani ilituondolea Bob Collymore, Ken Okoth na Joyce Laboso, mwezi mmoja. Redio zikarudia: wagonjwa wapya 47,887 kwa mwaka, vifo 32,987. Nami nikazisoma madhabahuni, watu watubu.

Baada ya ibada dada mmoja akaniambia, "Pasta, mimi niko tayari kwa hiyo namba ya pili." Alikuwa ameacha kliniki.

Wapelelezi kumi hawakudanganya. Majitu yalikuwepo kweli. Kosa lao ni kutoa hukumu ambayo Mungu hakuitoa. Kosa langu ni lilo hilo. Namba ile inachanganya saratani zote, na wengi hufika hospitali wamechelewa. Haijui yako iligunduliwa lini. Ya mlango wa kizazi, ikishikwa mapema, hutibika.

Nilimwomba msamaha, tukaomba, kesho yake tukapanda matatu kwenda kliniki. Hata Hezekia aliomba, na bado akawekewa dawa ya tini.

Mpendwa, ukimtembelea mgonjwa wiki hii, usimpelekee takwimu. Muulize: "Kliniki ni lini? Nikusindikize?" Amina.