WANAKUITA NANI?

Kijana mwenzangu,

Najua kanisani hujazoea. Ukipita, mmoja anasema, "Huyo wa mataifa." Mwingine anakuita mpagani, mwingine kafiri. Hata mimi niliitwa hivyo, nikiwa kijiweni na sigara mdomoni. Iliniuma, nikaapa kanisani sikanyagi.

Lakini sikia maneno hayo yalikotoka. Wayahudi, mtu asiye wa kwao walimhesabu wa mataifa. Mpagani ni neno la Kilatini: mwanzo lilikuwa mtu wa kijijini tu! Kafiri ni la Kiarabu, na asili yake ni kufunika, yaani mtu aliyeifunika kweli. Wazungu wakalichukua, na kule Afrika Kusini wakalifanya tusi la kumtukania mtu mweusi. Unaona? Mwanadamu akipata jina la kumtenga mwenzake, hulifanya fimbo.

Sasa mtazame Yesu pale Yeriko (Luka 19). Umati ulimwita Zakayo mwenye dhambi, na kweli dhambi alikuwa nayo. Yesu akatazama juu ya mkuyu, akamwita kwa jina lake, akaingia nyumbani kwake. Siku ile ile Zakayo akaacha dhuluma.

Sisi walokole tutubu, maana nasi tulikuwa mataifa. Na wewe usijifiche nyuma ya jina ulilopewa. Tumekukosea, ndiyo, lakini dhambi yako bado unayo. Yesu anakujua kwa jina. Shuka leo! Sema:

"Bwana Yesu, nimekuja nilivyo. Nisamehe, uniokoe. Amina."